Waya wa Tatu

Harufu ya buji iliyotoka kwenye mota, yaani injini ya gari, sasa hivi haifanani na harufu nyingine. Buji ni kile kidude cha chuma chenye shingo nyeupe ya kauri kinachotoa cheche ili petroli iwake. Wenzetu wa mbali wanakiita plagi, lakini Kisangani ukisema plagi watakuonyesha ukuta wenye umeme. Ikitolewa ingali moto, inanuka chuma, inanuka petroli, inanuka kidogo karanga zilizosahauliwa jikoni. Papa alikuwa ananiletea puani kwanza, kabla hajanipa niitazame. "Nusa," ananiambia. Ikinuka petroli mbichi, maana yake cheche haifiki, petroli inaingia na kutoka bila kuwaka. Ikinuka mafuta mazito yaliyoungua, mota imechoka, inakunywa oili yake yenyewe. Baada ya kunusa ndipo nilitazama rangi ya ncha yake. Nyeusi kama masizi ni mbaya, nyeupe kama chokaa ni mbaya pia, na ile ya rangi ya ngozi ya karanga ndiyo nzuri, unairudisha mahali pake na kumshukuru Mungu. Nilijua mambo hayo nikiwa na miaka kumi na mmoja, kabla sijajua vizuri zile hesabu za kugawanya sehemu kwa sehemu, na nilijivuna nayo kupita kiasi.

Sababu ya Papa kutumia macho yangu ilikuwa hii: macho yake yaliona mbali tu. Akiwa anaendesha alimwona mbuzi anayetaka kuvuka barabara kule mwisho kabisa, mahali mimi naona majani tu. Lakini ukimpa kitu cha karibu, sindano, barua, ncha ya buji, anakisogeza mbali mpaka mkono unaisha, kisha anacheka na kusema mkono wake ni mfupi. Miwani aliwahi kuwa nayo, ikaanguka mtoni siku tunavuka kwenda ng'ambo, na nyingine haikupatikana. Basi akaniita "macho yangu". Gari letu lilikuwa dogo, jeupe, la petroli, la zamani kuliko mimi, na nyuma yake Papa aliandika kwa rangi nyekundu neno VUMILIA. Vijana wa mtaa walilisoma kwa sauti huku wakilisukuma, wanamwita kwa jina langu, wanasema, "Papa Riziki, tunavumilia hivi mpaka wapi?" Naye anajibu kutoka ndani, "Mpaka kwenye mteremko, watoto wangu!" Kwa gari hilo alibeba akina mama wa sokoni na vikapu vyao kwenda Bengamisa na kurudi, na kwa gari hilo tulikula.

Kuchagua buji katika mji wetu ni kazi ya mashaka. Sanduku jipya si ushahidi. Wapo watu wanaookota buji zilizokufa, wanazichoma kwenye makaa, wanazisugua kwa brashi ya chuma mpaka zing'ae, wanazitia ndani ya sanduku lenye maandishi mazuri, halafu wanakuuzia kwa tabasamu. Papa alinifundisha kuangalia mahali ambapo brashi haifiki, kule ndani kabisa pembeni ya kauri. Buji mpya ni safi mpaka huko, ya kuchomwa ina utando mweusi kama jino bovu. Alinifundisha kupima nafasi ya ncha kwa ubapa wa wembe. Na nyaya, zile ndefu nyeusi zinazopeleka moto kutoka kwenye bobini inayouzalisha na delko inayougawa hadi kwenye kila buji, alinifundisha kuzikunja mbele ya sikio. Waya mzima hukunjika kimya. Waya mzee hulia kidogo, kama jani kavu, na ukikwaruza kwa ukucha utaona ngozi yake imepasuka. Waya wa hivyo utafanya kazi siku ya jua. Siku ya mvua moto unatoka nje kupitia ule ufa, unarukia chuma, na gari linakufa katikati ya matope.

Msimu ninaousema ulikuwa msimu wa mtihani wa Taifa wa dada yangu. Yaya Safi, maana kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa, alikuwa na miaka kumi na minane, yuko Bengamisa kwa mama mdogo, anasoma pedagojia ili awe mwalimu. Alikuwa mwalimu tayari. Likizo akija nyumbani anakusanya watoto wa jirani nyuma ya jiko, anaandika kwa makaa kwenye ubao wa kitanda kilichovunjika, na mtoto aliyejibu vizuri anapewa kipande cha muhogo. Hizo sehemu kwa sehemu, nilizielewa siku alipokata ule muhogo. Mimi nilikuwa naota ndoto nyingi enzi hizo, sijui nitakuwa rubani, sijui nitakuwa na garaji yenye taa, lakini katika kila ndoto Yaya Safi alikuwepo, amevaa viatu vya kisigino, ana daftari kubwa la mwalimu mkononi.

Lakini juu ya dada yangu kulikuwa na neno. Mama yetu ni wa watu wa mto, wa upande wa Isangi, na kwao mjomba, tunayemwita noko, ndiye mwenye sauti juu ya ndoa ya wasichana. Noko alikuwa amempata mtu wa Yahuma, mfanyabiashara wa mchele, mtu mzima, na mtu huyo alikwisha kuja kuonyesha nia. Papa alikataa. Walibishana sebuleni kwetu siku nzima, mpaka mwisho noko akapiga paja na kusema, "Bon. Mutoto apite mutihani. Diploma ikikuja, mimi ninanyamaza. Isipokuja, huyu papa wa Yahuma anakuja na mbuzi zake, na wewe hautasema neno." Papa akanyoosha mkono, wakapeana. Mama aliangalia chini. Kwa hiyo sisi sote tulijua: diploma ile haikuwa karatasi tu. Na mwaka ule kituo cha mtihani cha shule yao kilikuwa mjini Kisangani, si Bengamisa, maana yake lazima mtu amlete. Papa akasema atamleta mwenyewe, na siku hiyo hatapakia abiria yeyote, ili mtoto wake akae nyuma peke yake na kusoma kwa utulivu.

Juma la mwisho kabla ya mtihani tukaenda soko kuu, Papa na mimi, kutafuta buji nne na nyaya zake. Tulikwenda moja kwa moja kwa Tonton Bosco. Tonton ni kama kusema baba mdogo, ingawa huyu hakuwa ndugu wa damu. Zamani Papa alipokuja kutoka Maniema akiwa kijana, na shati moja, Tonton Bosco ndiye aliyempa mkeka wa kulalia na kumfundisha udereva. Papa hakuwahi kununua msumari kwa mtu mwingine. "Wema hauozi," alikuwa anasema kila tukikaribia kibanda chake cha vipuri, kama mtu anayevua kofia. Tonton Bosco alikuwa mnene, mcheshi, anaita kila mtoto "mukwe wangu", anakupa karanga kiganjani bila kuhesabu. Nilimpenda, sitasema uongo.

Alitupa buji nne. Nikanusa, nikatazama ndani, zilikuwa safi mpaka ndani kabisa, nikampa Papa ishara kwa kichwa. Ndipo akatoa nyaya, nyeusi, zinang'aa kama nyoka aliyetoka mtoni. Nilipozisogeza usoni, pua yangu ikakataa. Zilinuka dawa ya viatu. Nikakunja mmoja karibu na sikio, ukalia. Nikakwaruza, weusi ukatoka kwenye ukucha wangu, na chini yake nikaona ngozi ya kijivu yenye mistari.

"Papa," nikasema, "hizi zimepakwa dawa ya viatu. Iko za zamani."

Sikusema kwa kunong'ona. Nilijivuna, nilidhani Papa atafurahi. Pale palikuwa na watu, wauzaji wa jirani, madereva wawili wa malori ya Bafwasende, mama anayeuza makayabo, wale samaki wa chumvi. Kicheko kikalipuka.

"Eh, Bosco! Unauza sasa nyaya za kwenda misa?" dereva mmoja akasema.

"Acha, huyo mutoto iko inspekta," mwingine akajibu. "Kesho atakuomba karatasi zako!"

Tonton Bosco hakucheka. Uso wake ulianguka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee. Akamwambia Papa polepole, bila kunitazama, "Ndugu yangu. Mimi niko mwizi? Mbele ya watu, mutoto wako ananiita mwizi?"

Papa alisimama na nyaya mkononi. Akazisogeza mbali na macho, mpaka mkono ukaisha, na bado hakuona kitu. Nilijua haoni kitu. Kisha akaniambia, "Riziki, piga magoti. Omba pardon kwa Tonton." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nikapiga magoti pale kwenye tope la soko, na gauni langu la kijani, makayabo yananukia juu ya kichwa changu, nikasema, "Pardon, Tonton." Tonton Bosco akanishika kichwani, akasema imekwisha, mtoto ni mtoto, na akanitilia karanga kiganjani. Papa akachukua zile nyaya. Tulitembea mpaka nyumbani. Karanga nilizitupa moja moja njiani, na kila moja niliyotupa nilisema moyoni kwamba mimi sasa si macho ya mtu.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema mkuu asiyesikia la mtoto anavunjika nini.

Jumamosi Papa akafunga buji na nyaya. Mota ikawaka mara ya kwanza, ikaimba vizuri, kwa kuwa jua lilikuwa kali. Nilidhani kazi imekwisha. Lakini akaniita, akasema tufanye jaribio la turubai. Jaribio hilo tulikuwa tunalifanya kwa nyaya zilizokaa sana, siyo kwa nyaya zilizonunuliwa jana. Unaacha mota inazunguka, unafunika mbele ya gari lote kwa turubai nzito ili kuwe giza hata mchana, mtoto anaingiza kichwa na mabega chini yake, na mtu wa nje ananyunyiza maji kidogo juu ya nyaya kwa majani. Kama kuna ufa, utauona moto unatoka. Leo nimekuwa mkubwa ninaelewa kwa nini Papa alilifanya siku ile. Alikuwa ameniamini. Kule sokoni hakuweza kuniamini mbele ya watu, kwa hiyo alitafuta mahali pa kuniamini peke yetu, chini ya turubai, bila kumwaibisha rafiki yake. Ilikuwa ndiyo pardon yake. Mimi sikuijua, nilijua magoti yangu tu.

Chini ya turubai kulikuwa na joto na kelele, na harufu ya raba, na mwanzoni sikuona kitu. Papa akanyunyiza. Matone yakaanguka, yakatoa mvuke. Ndipo kwenye waya wa tatu, karibu na mahali unapoingia kwenye buji, nikaona kitu kidogo cha bluu, chembamba kama uzi, kinatoka ndani ya waya, kinagusa chuma, kinarudi. Tik. Tik. Tik. Kilikuwa kizuri. Nilikitazama muda mrefu.

"Unaona nini, macho yangu?" Papa akaniuliza kutoka nje.

"Hakuna kitu."

"Angalia vizuri, mama. Chukua wakati wako."

"Nimesema hakuna kitu, Papa."

Akazima mota. Nikatoka, uso wote jasho, na yeye akanifuta kwa kitambaa chake, akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema, "Bon. Bosco hakutudanganya." Alifurahi sana. Siku nzima aliimba. Nami nikajiambia: nitamwambia kesho, nikishaacha kukasirika. Mtoto anadhani hasira ni kitu cha kuweka kabatini na kukitoa ukitaka.

Jumapili tukaenda Bengamisa, barabara kavu, VUMILIA likakimbia kama mwanafunzi anayetoka shule. Hatukuweza kurudi siku ile ile kwa sababu ya ibada ya kalamu. Kwetu, kabla ya mtihani wa Taifa, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanapeleka kalamu zao kanisani jioni, wanazinyanyua juu, mchungaji anaziombea, na mzazi asiyekuwepo hapo atasemwa mwaka mzima. Yaya Safi alinyanyua kalamu tatu, mbili za bluu na moja nyeusi. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, ningeweza kumwambia Papa hapo hapo, alikuwa hatua mbili tu. Lakini watu walikuwa wanaimba, Papa alikuwa anaimba, na sikutaka kupiga magoti tena. Alfajiri tukaondoka, Yaya nyuma na daftari zake, mimi mbele. Tulipofika katikati ya msitu kulikuwa kumepambazuka, na mvua ikaanza.

Mwanzo ilikuwa manyunyu. Kisha ikawa ile mvua yetu ambayo haina matone, ni maji tu yanayosimama wima. Gari likaanza kukohoa. Yaya Safi akauliza, "Papa, iko nini?" Papa akajibu, "Hakuna, mama, soma." Tukapita dimbwi kubwa, maji yakaruka mpaka kwenye kioo, mota ikakohoa mara tatu na kunyamaza. Tuliweza kusikia mvua kwenye bati la gari, na kurasa za daftari nyuma, Yaya bado anafunua kurasa.

Papa akashuka, akafungua mbele, akanishusha na kunifunika turubai kichwani. Akapiga magoti kwenye tope, akaweka uso wake karibu na zile nyaya, kisha mbali, kisha karibu. "Riziki," akasema, "sogea uangalie. Tuanze na ya kwanza, polepole, moja moja."

Nilifikiria saa, nikafikiria mtu wa Yahuma. Sikuangalia ya kwanza wala ya pili. Nikanyoosha kidole.

"Ni hii. Ya tatu. Hapa chini."

Papa akageuka na kunitazama. Nilikuwa karibu naye sana, karibu mno kwa macho yake kuniona, na bado nasema aliniona. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni. Hakuna mtu anayeweza kujua ufa uko wapi bila kuutafuta, isipokuwa aliyeuona kabla. Hakuniuliza. Hakupiga kelele, hakunipiga. Alichukua kipande cha raba mfukoni, akafunga ule waya, vidole vyake vinatafuta vyenyewe bila kuona, na alipomaliza akasema kwa sauti ndogo, "Ingia ndani, utaumwa."

Mota ilikubali kidogo, ikafa. Ikakubali, ikafa. Baadaye pikipiki moja ikapita na magunia ya makaa. Papa akasimama katikati ya barabara kuizuia. Kijana aliyeiendesha akashusha gunia moja, akampandisha Yaya Safi. Alikaa juu ya makaa na shati lake jeupe la shule, mfuko wa plastiki kichwani, kalamu amezibana kwa meno. Aliinua mkono. Sisi tukabaki.

Kisha jua likatoka, na hili ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko yote. Jua likakausha nyaya, na gari likawaka kwa mara moja, safi kabisa, likaimba mpaka mjini. Tulimkuta dada yangu amekaa nje ya geti la kituo cha mtihani, karibu na mama anayeuza beignets, maandazi yetu ya mviringo, shati lake lina alama nyeusi za makaa. Geti lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Alikuwa amebisha, amelia, amepiga magoti, na mtu wa ndani alimwambia sheria ni sheria, aliyekosa siku ya kwanza hana siku ya pili. Alipotuona hakusimama.

"Papa," akasema, "yule wa pikipiki aliniambia ni nyaya. Nilipomutajia Bosco, alisema mutu hanunui nyaya kwa Bosco, mji muzima unajua. Ulininunulia nyaya za zamani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya Papa. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua. Lakini Papa akanisogeza nyuma kwa mkono wake, kama vile unavyomwondoa mtoto karibu na moto.

"Ndiyo, mama," akamwambia Yaya Safi. "Ni mimi."

Noko alikuja kabla mwezi haujaisha. Neno lilikuwa neno, Papa hakubisha. Yaya Safi aliondoka kwa baleinière, ile boti ndefu ya mizigo, kushuka mto, na kutoka huko kwa njia za Yahuma, akiwa amevaa pagne mpya ya kitenge, na hakumpa Papa mkono. Kwa miaka kumi na mitatu hakumpa mkono. Aliporudi kutusalimia alimwita "ule muzee wa gari". Alipozaa mtoto wa kwanza, msichana, Papa alituma nguo ndogo na sabuni; vitu vikarudi na boti ile ile, havikufunguliwa. Na mimi alinipenda! Mimi alinitumia mchele, alinisalimia kwanza kwenye simu, aliniita leki wake, mdogo wake, wa pekee. Kila mchele niliokula ulikuwa na mchanga, najua mwenyewe. Nilimwambia Papa mara moja tu, nilipokuwa na miaka kumi na saba: "Papa, nitamwambia." Alikuwa anasugua buji kwa kitambaa. Akasema, "Una dada mmoja. Mimi nimekwisha kuzeeka, nitabeba. Ukimwambia, utabaki na nani?" Nikanyamaza tena. Nilikuwa nimezoea, kunyamaza kwa mara ya pili ni rahisi kuliko mara ya kwanza, na mara ya kumi hakuna unachohisi.

Papa alikufa mwaka jana, kwa ugonjwa wa tumbo, haraka. Yaya Safi alifika siku ya tatu ya matanga. Alikaa mkekani na wanawake wengine, jicho kavu kabisa, wanamsema kwa kunong'ona na yeye anawasikia. Siku ya kufua nguo za marehemu tulikuwa wawili kwenye beseni, na shati la Papa lilikuwa mikononi mwake, analikamua kama mtu anayekamua shati la mgeni. Hapo sikuweza kuvumilia tena. Nikamwambia yote, soko, magoti, turubai, uzi wa bluu. Nilizungumza haraka, kama nilivyosoma mashairi shuleni. Aliacha kukamua.

"Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi na mmoja, Yaya."

"Na Papa, alijua siku gani?"

"Palepale barabarani."

"Na akasema ni yeye."

"Ndiyo."

Aliliweka lile shati usoni, likiwa limelowa, likiwa na povu, na alilia mpaka wanawake wakaja mbio kutoka uani wakidhani kuna kifo kingine. Walifurahi kwamba binti hatimaye anamlilia baba yake. Hakuna aliyejua. Asubuhi yake aliondoka, akaniaga kwa jina langu, Riziki, siyo leki.

Leo nina duka dogo la vipuri karibu na soko lile lile, na ndoto zangu bado ni nyingi kuliko bidhaa zangu. Magari ya siku hizi yanakuja na kompyuta, mengine hata hayana zile nyaya. Kila buji ina bobini yake juu, na fundi akichomeka mashine inamwambia silinda gani haiwaki. Mashine haioni aibu mbele ya watu, haina rafiki wa kumheshimu, haikasiriki. Zamani kila kitu kilitegemea mtoto mmoja aseme alichokiona, na mtu mzima mmoja akubali kusikia. Wateja wananisifu, wanasema Mama Riziki hadanganyi, ukimwonyesha kitu kibovu atakwambia kibovu hata kama ni chake. Wanadhani ni tabia. Nawaacha wadhani.

Mwezi uliopita nilipata habari kwamba binti mkubwa wa Yaya Safi anamaliza shule ya msingi, na kwamba kule kwao shule ya sekondari iko mbali, ni mwendo wa siku. Anapenda hesabu, wanasema. Nilifurahi kama mjinga. Nilipaka chumba rangi, nikanunua godoro, nikaota tayari mtoto anatoka asubuhi na begi lake, mimi nasimama mlangoni. Nikapiga simu. Nilimwambia Yaya: mlete Kisangani, nitamsomesha mimi, mpaka diploma, hautatoa kitu. Kule upande wa pili nilisikia kuku, nilisikia mtu anatwanga, kisha kutwanga kukakoma.

"Merci, Riziki," akasema. Hakuwa na hasira, hilo ndilo baya. "Nilikusamehe, ulikuwa mutoto. Lakini mutoto wangu atakaa na mutu mwenye anasema kile anaona. Mupaka nimupate, atangoja huku."

Kisha nikasikia tena kutwanga, taratibu, na baada ya hapo simu ikakatika.